Mgomo una msimu wake: magongo ya barafuni, dagaa wa Makoko na hesabu ya nani atachoka kwanza

Chukulia wewe ni mvuvi wa dagaa hapa Makoko, Musoma. Huna mtumbwi, huna taa, huna wavu. Una mikono yako tu. Tajiri ndiye mwenye chombo. Mkirudi alfajiri dagaa wanauzwa, matumizi yanatolewa kwanza, kinachobaki ndiyo mnagawana. Sasa mmechoshwa na mgawo na mnataka kugoma. Swali: mtagoma lini?

Usikimbilie kujibu "leo". Dagaa wanafuata taa, na taa inafanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake unazidi taa yako na vyombo vingi vinapumzika. Ukigoma wakati wa mbalamwezi, tajiri atakutakia mapumziko mema. Ukigoma giza linapoanza, kila usiku unaopita ni hela yake inayobaki ziwani. Madai ni yaleyale, watu ni walewale, ila nguvu yenu imebadilika kwa sababu ya kalenda.

Hesabu hiyohiyo ndiyo imesimamisha mara kadhaa ligi ya NHL, ligi kubwa ya mpira wa magongo ya barafuni huko Marekani na Kanada. (Ndiyo, magongo ya barafuni. Jirani zetu Kenya Ice Lions wanayacheza Nairobi, ndani ya hoteli, lakini wao si wa kulipwa, kwa hiyo hawana mshahara wa kugomea.)

Tarehe 1 Aprili 1992 wachezaji wa NHL waligoma. Kwa nini Aprili? Kwa sababu mishahara yao inalipwa katika msimu wa kawaida, na msimu huo ulikuwa ukingoni. Kilichobaki ni mechi za mtoano, ambazo ndizo zinazowajazia wenye timu viwanja na mifuko. Wachezaji walikuwa wameshapokea karibu chao chote. Wenye timu walikuwa hawajavuna. Mgomo ulichukua siku 10 tu, wakaelewana.

Wenye timu nao hawakulala. Tangu hapo ligi imesimama mara tatu, na mara zote tatu ni wao walioisimamisha, kwa kufunga geti na kuwaambia wachezaji wasije kazini hadi wakubali mkataba mpya. Huo ni mgomo wa mwajiri, na kwa Kiswahili tunauita kufungia nje. Angalia tarehe: Oktoba 1994, Septemba 2004, Septemba 2012. Zote ni kabla msimu haujaanza, yaani kabla mchezaji hajapokea mshahara wa kwanza. Giza na mbalamwezi vimegeuzwa. Mara ya kwanza na ya tatu msimu uliokolewa kwa kukatwa hadi mechi 48 kwa kila timu. Ile ya 2004 iliua msimu mzima: hakuna mechi, hakuna bingwa.

Hapo ndipo sisi wanafunzi wa uchumi tunapokuna kichwa. Mwaka 1932 Mwingereza John Hicks aliandika kuhusu jambo ambalo bado linatusumbua. Mgomo unapoteza fedha za pande zote mbili. Mwisho wake huwa ni makubaliano fulani. Sasa kama wote wana akili timamu na wanaona utaishia wapi, kwa nini wasisaini makubaliano hayohayo siku ya kwanza, wakaokoa hasara? Kwa mantiki hiyo mgomo haupaswi kutokea kabisa. Lakini unatokea. Jibu linalokubalika zaidi ni kwamba kila upande unajua kitu ambacho mwingine hakijui, au hauamini anachoambiwa. Mwajiri akisema "sina", utajuaje kama kweli hana? Njia mojawapo ni kumpima: asiye nacho atavumilia kusimama kwa muda mrefu, maana hapotezi kikubwa, aliye nacho atakuita mezani mapema. Kumbe mgomo ni kipimo pia, ingawa ni kipimo ghali mno.

NHL ya 2004 inafaa kabisa kwa maelezo haya. Mwezi Februari mwaka huo ilitoka ripoti iliyoagizwa na ligi yenyewe, ikisema timu kwa jumla zilipata hasara ya dola milioni 273 katika msimu wa 2002–03. Wachezaji hawakuiamini. Wewe ungeamini hesabu iliyolipiwa na unayegombana naye? Hata Makoko ndoo za dagaa kila mtu anaziona zikishushwa, hazina ubishi. Ubishi uko kwenye yale matumizi: mafuta kiasi gani, taa iliharibika kweli au la. Aliyeshika daftari ndiye anayetajwa kila mgawo ukiwa mdogo.

Mapatano ya 2005 yaliweka kikomo cha matumizi ya mishahara kwa kila timu, kikaanza na dola milioni 39, na mishahara iliyokuwa imesainiwa ikakatwa asilimia 24. Wachezaji walipigwa, tusifiche. Lakini walipata kitu kimoja: mgawo wao uliunganishwa na mapato ya ligi, kwa hiyo ilibidi mapato hayo yafafanuliwe na kukaguliwa.

Je, daftari wazi lilimaliza ugomvi? Hapana. Mwaka 2012 geti lilifungwa tena, safari hii si kwa kubishania hesabu bali kwa kubishania kisu kipite wapi. Wachezaji walikuwa wanapata asilimia 57 ya mapato, wakatoka na 50. Kilichowasaidia kustahimili miezi ile ni kwamba wengi walikwenda kucheza Ulaya na Urusi. Mwenye pa kwenda hatishiki haraka. Baada ya hapo mambo yametulia: mkataba uliongezwa mwaka 2020 bila kusimama, na Julai 2025 pande zote zikaidhinisha mwingine utakaofika Septemba 2030.

Kwetu kalenda inatumika pia, ila bila vikao. Mapema Julai 2019 wachezaji wa Uganda Cranes waligomea mazoezi kule Misri wakidai posho, siku chache kabla ya kukutana na Senegal kwenye mtoano wa AFCON. Huo ulikuwa usiku wa giza hasa. Juni 2018 timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba ilicheza Paris, lakini wachezaji walifunika nembo ya mdhamini kwenye jezi zao. Mpira waliucheza, tangazo ndilo waliloligomea.

Tanzania tumezoea mgomo wa mtu mmoja. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akasema mkataba basi. Januari kamati ya TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita hachezi, hadi Juni 2023, Rais Samia aliposema hadharani jambo hilo liishe, ndipo akaenda Azam. Kwa maoni yangu, mgogoro wa kazi unaohitaji Rais ili uishe unaonyesha kwamba njia za kawaida hazikufika.

Njia zenyewe zipo, na kijana wa Makoko anayeota kuvaa jezi ya Biashara United azijue kabla ya kusaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatenganisha mambo mawili. Mkidai nyongeza, huo ni mgogoro wa maslahi: mnakwenda kwenye usuluhishi, ukishindikana mnapiga kura, mnampa mwajiri notisi ya saa 48, ndipo mnagoma kihalali. Lakini mshahara ambao tayari uko kwenye mkataba na haujalipwa ni haki yako, si ombi. Mgomo wa kisheria haukuwekwa kwa ajili yake, unadaiwa kwa wasuluhishi na waamuzi. Kwenye soka kuna silaha ya ziada. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku zisizopungua 15, na isipolipa deni lote akavunja mkataba kwa sababu ya haki. Barua hiyo iwe na tarehe, na nakala ubaki nayo.