Vigawo "Mbalimbali": Utata wa Lugha katika Kuhesabu Michanganuo ya Namba

Makala hii inachunguza sentensi moja tu ya Kiswahili cha hisabati: "Namba 24 yaweza kuandikwa kwa njia ngapi kuwa zao la vigawo mbalimbali vinavyozidi 1?"

Utata wa kwanza umo katika neno mbalimbali, ambalo huweza kumaanisha "anuwai" au "visivyofanana". Kwa maana ya kwanza, michanganuo ni 7: 24 yenyewe, 12×2, 8×3, 6×4, 6×2×2, 4×3×2, na 3×2×2×2. Ili tusihesabu mchanganuo mmoja mara mbili, tumeweka sharti kwamba kigawo kisizidi kilichokitangulia. Kwa maana ya pili, sharti linakaza: kila kigawo kiwe kidogo kuliko kilichokitangulia. Hapo 6×2×2 na 3×2×2×2 huondoka, ikabaki 5.

Sentensi yetu imenyamaza pia kuhusu mfuatano. Kwa thamani, 6×4 na 4×6 ni sawa. Kwa mkulima wa Upareni si sawa. Wilayani Same, maji ya umwagiliaji hukusanywa katika ndiva, yaani bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa mchana, nao wakulima huyatumia kwa zamu. Tuchukulie kaya 24 zenye ndiva moja, kila siku ikiwa ya kundi moja. Makundi 4 ya kaya 6 hupata maji kila baada ya siku 4, lakini kaya 6 hugawana maji ya siku hiyo. Makundi 6 ya kaya 4 hupata maji mengi zaidi kwa kila kaya, ila husubiri siku 6, na mahindi machanga huenda yasisubiri. Mfuatano ukizingatiwa, 7 huwa 20, na 5 huwa 13. 4×3×2 pekee hutoa mipangilio 6.

(Kaya zingekuwa 23, makundi sawa yasingepatikana, kwani 23 ni namba tasa. Istilahi hii ina kejeli yake: hizo tasa ndizo zizaazo namba nyingine zote zinazozidi 1.)

Kwa hiyo mwanafunzi aliyejibu 20 hakukosea hesabu, na kumnyima alama ni kumwadhibu kwa kosa la mtunga swali. Anayetaka jibu la 5 na aandike: "…kuwa zao la vigawo vinavyozidi 1, pasipo kurudia kigawo wala kujali mfuatano wake."