Kuhamia Kanada (Sehemu ya Tatu): Jimbo Kwanza, Mji Baadaye

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza habari za hati, na za njia ambazo serikali ya Kanada huzitumia kuwapokea wageni wanaotaka kufanya maskani yao huko. Leo tumefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko yote hayo, kwa kuwa hati mtu huipata mara moja akaihifadhi sandukuni, ilhali mahali alipokwenda kukaa huona athari yake kila siku, yeye na aila yake nzima. Aghalabu aliyekwisha kupata ruhusa huuliza aende mji gani, na jamaa zake humtajia Toronto, kwa sababu ndilo jina walilolizoea. Lakini swali hilo limeanzia katikati. Linalotangulia ni swali la jimbo, na asiyejiuliza hilo atakuwa amekwisha kuchagua mambo mengi ya maisha yake pasipo kujua kwamba ameyachagua.

Sababu yake imo katika katiba ya nchi yenyewe. Tangu mwaka 1867, makoloni ya Kiingereza yalipoungana kuwa dola moja, mamlaka yaligawanywa: serikali kuu ikashika jeshi, sarafu, posta na biashara ya nje, na majimbo, ambayo leo ni 10, mbali na maeneo 3 ya kaskazini, yakaachiwa shule, hospitali, na sheria za mali na mikataba baina ya watu. Kwa hiyo mgeni huingia Kanada kwa idhini ya Ottawa, lakini atakapotaka kadi ya matibabu, leseni ya gari, mkataba wa nyumba, nafasi ya mwanawe shuleni, au kibali cha kufanya kazi aliyoisomea, hana budi kuelekea kwa jimbo, na kila jimbo lina kanuni zake. Fauka ya hayo, nchi yenyewe ni pana mno, hata kutoka Toronto kwenda Vancouver kwa barabara ni zaidi ya kilomita 4,000, masafa ambayo ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na kurudi, mara mbili. Basi anayesema kwamba ataanzia popote kisha ajongee polepole hajaitazama ramani.

Na tuanze na riziki, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoghurika. Tangu 1967 serikali kuu imekuwa ikiwapima waombaji kwa alama, ikihesabu umri wao, elimu, lugha na uzoefu wa kazi. Na muuguzi wa Mombasa au Dar es Salaam, akiona shahada yake imempa alama nyingi, huitakidi kwamba shahada hiyo imekwisha kukubaliwa, kumbe alama zimemruhusu kuingia nchini tu, wala hazikumruhusu kumgusa mgonjwa hata mmoja. Ruhusa hiyo iko mikononi mwa baraza la wauguzi la jimbo atakalokaa, ambalo litataka vyeti vyake vitumwe moja kwa moja kutoka chuoni, litampima lugha, litamtaka afanye mtihani, na huenda likamwambia arudi darasani kwa muda. Na mabaraza haya hayafanani, si kwa ada yanazotoza, si kwa masharti, wala si kwa muda yanaouchukua kujibu. Yaliyo kwa muuguzi yako pia kwa mwalimu, mhandisi, mfamasia, na kwa daktari zaidi kuliko wote. Nimewajua watu wa elimu kubwa waliokaa miaka wakilinda maghala usiku, si kwa sababu elimu yao ilikuwa haba, bali kwa sababu hawakuwahi kuambiwa kwamba palikuwa na mlango wa pili. Na jambo hili laniuma, kwa kuwa lingeweza kuzuiliwa kwa barua chache tu zilizoandikwa kabla ya kukata tikiti.

Tadbiri ninayoiona kuwa njema ni mtu kuchagua majimbo mawili au matatu, akayaandikia mabaraza ya kazi yake angali nyumbani, akauliza kwa maandishi ni nyaraka zipi zinazotakiwa, mtihani gani, gharama kiasi gani, na kazi gani iliyo karibu na yake anayoweza kuifanya huku akingoja. Kumfuata msajili wa chuo ili apeleke nakala za matokeo ni jambo jepesi mtu akiwa bado yupo mjini na aweza kwenda ofisini mwenyewe. Akishavuka bahari huwa kazi ya kuwasumbua ndugu. Na ajue pia kwamba majimbo yamepatana kuheshimiana vyeti, hata aliyekwisha kusajiliwa katika jimbo moja kwa kawaida hupokewa katika jingine bila ya kuanza upya, kwa hiyo si ajabu mtu akaona heri kwanza aende pale anapoweza kusajiliwa mapema. Mafundi wana nafuu zaidi: fundi umeme, fundi bomba au mchomeleaji anayefaulu mtihani wa pamoja wa majimbo hutiliwa muhuri mwekundu katika cheti chake, na muhuri huo hutambulika nchi nzima.

Asiyekuwa na cheti cha namna hiyo naye atazame ni kitu gani kinachoulisha mji anaouwazia. Brooks, mji mdogo wa Alberta, umevuta Waafrika wengi kwa sababu ya kiwanda chake cha nyama, ambacho humwajiri mtu ijapokuwa Kiingereza chake bado kichanga. Kazi ni nzito na ya baridi, lakini mshahara huja. Bali mji unaosimama juu ya riziki moja huyumba riziki hiyo inapoyumba, kama walivyoona watu wa Fort McMurray, katika jimbo hilo hilo, waliokuwa wakipata fedha nyingi kwa mafuta mpaka bei yake ilipoporomoka kuanzia 2014, na kabla hawajatulia ukaja moto wa msituni wa 2016 uliowahamisha zaidi ya watu 80,000.

Kwa msomaji wa Bukavu, Goma, Lubumbashi au Bujumbura hesabu hugeuka, kwa kuwa huyo ana Kifaransa. Quebec ndilo jimbo pekee ambalo lugha yake rasmi ni Kifaransa peke yake, na kwa mapatano ya 1991 baina yake na serikali kuu hujichagulia lenyewe wahamiaji wake wa kazi. Sheria yake ya lugha ya 1977 huwalazimu watoto wa wahamiaji, wakisoma kwa gharama ya umma, wasome kwa Kifaransa mpaka wamalize sekondari. Kwa mtoto wa Goma hilo ni rehema, maana atakaa darasani siku ya kwanza akifahamu anayoambiwa. Kwa kijana wa Arusha mwenye umri wa miaka 15, aliyekwisha kuzoea masomo ya Kiingereza, ni kuanza upya katika miaka ambayo haina nafasi ya kuanza upya, na mzazi wake asivutwe na Montreal kwa sababu tu ameambiwa, tena kwa haki, kwamba nyumba za huko hupangishwa kwa bei nafuu kuliko za Toronto. Wala Kifaransa hakiishii Quebec. New Brunswick ndilo jimbo pekee lenye lugha mbili rasmi; Ontario nayo ina shule za umma za Kifaransa; na Ottawa imetengwa na Gatineau, iliyo upande wa Quebec, kwa mto tu, hata mtu huweza kufanya kazi ng'ambo moja na kulala ya pili, maadamu akumbuke kwamba kodi ya mapato na matibabu hufuata pale anapolala.

Mintaarafu ya nyumba, kila mtu amekwisha kusikia kwamba Toronto na Vancouver ni ghali, nami sina la kuongeza ila kwamba ughali huo si wa kodi ya pango peke yake. Mwenye nyumba hutaka kuona historia ya mpangaji ya kulipa madeni, na mgeni hana historia hiyo, hata kama kwao alikuwa mtu wa amana asiyedaiwa na yeyote; ndipo huombwa mdhamini au fedha za mbele. Hapa tena jimbo ndilo linaloamua. Ontario huruhusu mwenye nyumba kuchukua kodi ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho. British Columbia humruhusu dhamana isiyozidi nusu ya kodi ya mwezi. Alberta dhamana ya mwezi mmoja. Quebec haimruhusu kudai dhamana yoyote, ila kodi ya mwezi wa kwanza. Huko Quebec mikataba iliyo mingi huanza tarehe 1 Julai, siku ambayo nusu ya mtaa huonekana imebeba magodoro, na anayefika Oktoba atakuta nyumba nzuri zimekwisha kukaliwa. Hata kununua sufuria hutofautiana: kodi ya mauzo ni asilimia 5 Alberta, 13 Ontario, na 15 New Brunswick. Na kabla ya kutia sahihi, mgeni aulize kama gharama ya kupasha nyumba moto imo ndani ya pango au iko nje, kwa kuwa katika miezi ya baridi jibu la swali hilo laweza kula masurufu ya chakula.

Anayependelea mji mdogo kwa sababu ya pango lake atie katika hesabu gari. Jimbo la Saskatchewan lilifunga kampuni yake ya mabasi mwaka 2017, na mwaka uliofuata kampuni kubwa iliyokuwa ikiunganisha miji ya magharibi ikaondoa karibu safari zake zote huko. Basi asiye na gari katika mji wa namna hiyo ni kama mfungwa, hususan mama aliyebaki na watoto nyumbani. Bima ya dereva mgeni ni ghali, anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania itampasa ajifunze kuendesha upande wa kulia, na huko Quebec sheria inamlazimu kufunga matairi ya theluji tangu tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi.

Baridi yenyewe nitaipita upesi, maana husemwa kupita kadiri. Winnipeg usiku wa Januari hushuka chini ya digrii 20 za baridi, Vancouver hunyesha zaidi kuliko kuganda, na watu wa pwani wameishi kote kuwili wakiwa salama. Ambalo halisemwi ni habari ya mwanga: mwezi wa Desemba jua la Edmonton huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuchwa muda mfupi baada ya saa kumi alasiri, na Juni halichwi mpaka saa nne usiku, jambo ambalo aliyezoea kufunga na kufuturu kwa saa za Mombasa apaswa kulijua mapema.

Sasa nije kwa jamaa na majirani, ambao wazee wetu waliwatanguliza mbele ya nyumba, nao walikuwa na haki. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, Kanada iliwachukua zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, wakashukia Montreal na kupelekwa kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, ambako maofisa waliwauliza ujuzi wao na kuwaelekeza miji ya kwenda. Vancouver na Toronto zilipata kuwa miongoni mwa makao yao makubwa, na mwaka 1985 Waismaili, walio miongoni mwao, wakafungua kituo chao Burnaby, jirani na Vancouver. Kadhalika Waislamu wachache wa Edmonton walijenga Msikiti wa Al Rashid mwaka 1938, wa kwanza katika nchi ile, na wageni wa vizazi vilivyofuata wakapata pa kusalia, pa kufungishia ndoa na pa kuuliza njia. Jambo hili halina thamani ndogo, na anayelidharau hajawahi kuuguza mtoto mahali asipojulikana.

Lakini jamaa hujua kazi aliyoifanya yeye na mtaa alioukaa yeye. Akiwa kiwandani, atakupeleka kiwandani, kwa moyo safi kabisa, na mwalimu aliyefuata ushauri huo atajikuta mwaka wa tano angali na glavu za kukatia nyama. Rai yangu ni kwamba nyumba ya ndugu ikubaliwe kwa majuma ya kwanza, kwa shukrani, lakini jimbo lichaguliwe kwa barua za baraza la kazi na kwa lugha ya watoto. Isipokuwa aliyeteuliwa na jimbo lenyewe: huyo amekubaliwa kwa kunuia kukaa humo, na akishuka uwanja wa ndege akapanda basi kwenda jimbo jingine siku ile ile, aweza kuulizwa kama nia yake ilikuwa ya kweli.

Mkimbizi anayetoka kambi ya Nyarugusu au ya Kakuma kwa gharama ya serikali hachagui. Mji huchaguliwa kwa ajili yake, na msaada wake kwa kawaida hudumu hadi mwaka mmoja. Ila katika kuchagua huko huangaliwa kama ana jamaa nchini, kwa hiyo katika mahojiano ataje kila ndugu na jina la mji anaokaa, wala asinyamaze kwa haya. Ambao huitwa na vikundi vya wadhamini, utaratibu ulioko tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huenda kwa wadhamini wao.

Aliyekwisha kuwa mkaaji wa kudumu ana haki, kwa katiba ya 1982, ya kuhamia jimbo lolote na kutafuta riziki humo. Kuhama huko kuna gharama yake: leseni hubadilishwa, kadi ya matibabu huombwa upya na huweza kuchukua hadi miezi mitatu kuanza kazi, na lililo zito kuliko yote ni masomo, kwa kuwa Quebec sekondari huisha darasa la 11, kisha kijana huenda chuo cha miaka miwili kabla ya chuo kikuu, ilhali majimbo mengine huenda mpaka darasa la 12. Kijana anayehamishwa Montreal kwenda Calgary akiwa na miaka 16 hujikuta kati ya taratibu mbili zisizokutana. Basi mzazi anayedhani atahama mara ya pili na ahame mwanawe angali shule ya msingi. Habari za shule hizo, na jinsi vyeti vya huku vinavyopimwa wakiandikishwa watoto, tutazieleza katika sehemu ya nne.