Wana wa CIVE, Fungueni Teminali

Oya mwana wa UDOM unayesoma kompyuta pale CIVE, kama projekti ya kufungia chuo inakupelekesha na kwenye mashine yako kuna "mradi_final", "mradi_final2" na "mradi_final_ya_ukweli", kaa hapa. Staili ya kukopi folda kila ukigusa kodi imetesa masela wengi. Saa nane usiku mfumo unagoma, na hujui folda ipi ilikuwa inafanya kazi.

Dawa ni Git, programu inayotunza historia ya kodi yako, na mimi nakwambia ipige kwenye teminali. Programu za kubofya-bofya zinakula ramu, halafu zinakuficha kinachoendelea. Ile skrini nyeusi inaonekana noma siku ya kwanza tu.

Kuanza ni kitonga. Ingia kwenye folda ya mradi, andika `git init`. Umemaliza ukurasa wa kuingilia? `git add login.php`, kisha `git commit -m "Nywila fupi sasa inakataliwa"`. Andika Kiswahili kabisa, ili ukirudi kutoka fildi uelewe ulikuwa unafanya nini. Ukipiga `git log --oneline` historia yote inashuka, kila komiti na mstari wake. Umevuruga faili? `git diff` inakuonyesha ulipogusa, na `git restore login.php` inalirudisha lilivyokuwa. Ila soma kwanza hiyo diff, maana ambacho hujakikomiti ukikirestore ndo kimeenda.

Sasa utamu wenyewe. Bumu likichelewa, geto zima la Ng'ong'ona halina bando, lakini kazi haisimami. Kukomiti, kufungua tawi la majaribio, kupekua historia, vyote vinafanyika ndani ya mashine yako. Mtandao unauhitaji ukitaka kupushi au kuvuta vya wenzako. Git imeumbwa hivyo makusudi. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alianza kuiandika Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kukatiwa matumizi ya bure ya BitKeeper, mfumo waliokuwa wanatunzia kodi yao, na akaitengeneza kila mtu abaki na historia kamili kwake. Juni mwaka huohuo, Linux 2.6.12 ikatoka ikiwa imesimamiwa na Git.

Na kama mshkaji wa geto la pili naye kakaukiwa, piga `git bundle create mradi.bundle --all`. Unapata faili moja, unalitia kwenye flashi, yeye anaandika `git clone mradi.bundle` na historia yote iko kwake. Hakuna hata senti ya bando iliyotumika. Hii watu hawaijui kabisa, na inaniuma, kwa sababu ndo inatufaa sisi kinoma.

Mkiunganisha kazi na wote wawili mmegusa mstari uleule, Git inasimama. Ndani ya faili utakuta `<<<<<<< HEAD`, chini yake kodi yako, kisha `=======`, kodi ya mwenzako, na mwisho `>>>>>>>` na jina la tawi lake. Hapo ndo watu wanapanik na kufuta folda nzima. Tulia. Muite mwenzako, someni pande zote mbili, amueni kinachobaki, futeni alama, kisha `git add` na `git commit`. Kwangu hayo maongezi ya dakika kumi yana faida kuliko kukesha kila mtu kivyake.

Kwenye kundi la projekti la watu watano, mara nyingi wawili wanakamua na watatu wanasubiri jina kwenye ripoti. `git shortlog -sn` inataja kila mtu na idadi ya komiti zake. Idadi siyo uzito wa kazi, lakini asiyeonekana kabisa anajulikana.

Kabla hujapushi popote: nywila ya databesi iweke kwenye faili la `.env`, na `.env` iandike kwenye `.gitignore`, orodha ya vitu ambavyo Git isivifuatilie, kabla ya komiti ya kwanza. Ikishaingia kwenye historia, kuifuta kwenye faili hakuiondoi, na atakayeklon mradi ataiona. Ikishatoka nje, badilisha nywila yenyewe siku hiyohiyo.