Barua Pepe ya Afisi Inapokwama: Chanzo Chake na Jinsi ya Kuizuia

Mzazi anatuma fomu ya basari ya mwanawe kwa barua pepe siku mbili kabla ya makataa. Karani wa afisi ya wadi anafungua kompyuta na kusema hakuna kilichofika. Wote wawili wanasema kweli. Fomu imekwama njiani kwa sababu diski ya seva imejaa.

Seva ndiyo kompyuta inayopokea, kuhifadhi na kutuma barua pepe za afisi, zikiwemo anwani za serikali zinazoishia kwa .go.ke. Diski yake ikijaa, huiambia seva ya mtumaji ijaribu tena baadaye. Seva hiyo huweka ujumbe kwenye foleni na kuendelea kujaribu, mara nyingi kwa siku nne au tano, kabla ya kumrudishia mwenyewe. Kufikia hapo makataa yamepita.

Kwa hivyo jambo la kwanza ambalo fundi wa TEHAMA huangalia ni nafasi ya diski. La pili ni foleni: jumbe zikirundikana, kuna hitilafu. La tatu ni kumbukumbu za seva, ambazo huonyesha kila ujumbe ulifika saa ngapi, ulikataliwa au la, na kwa sababu gani.

Barua zinapoingia kwenye taka

Wakati mwingine barua za afisi hutoka vizuri lakini zikaishia kwenye kisanduku cha barua taka cha mkazi. Hapa fundi hukagua rekodi za SPF, DKIM na DMARC, ambazo huthibitisha kwamba barua imetoka kwa afisi husika wala si kwa tapeli. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti kuhusu rekodi hizi, hasa kwa wanaotuma barua nyingi.

Sababu nyingine ni nywila iliyoibwa. Mfanyakazi mmoja akibofya kiungo cha ulaghai, matapeli wanaweza kutumia akaunti yake kutuma maelfu ya barua taka, na seva nzima ikaingizwa kwenye orodha ya zinazozuiwa. Fundi hubadilisha nywila hiyo na kusafisha foleni kwanza, ndipo aombe seva iondolewe kwenye orodha. Akianza na ombi, itazuiwa tena.

Iwapo data za wananchi zimefikiwa na wasioruhusiwa na kuna hatari ya kuwadhuru, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Utunzaji wa kila mara

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Kila siku: nafasi ya diski na foleni. Kila wiki: masasisho ya usalama. Kila mwezi: tarehe ya kuisha kwa cheti cha usalama, akaunti za waliostaafu au kuhamishwa, na betri za kukinga seva umeme unapopotea. Nakala za akiba ziwe zaidi ya moja, na moja ikae nje ya jengo. Zijaribiwe pia kwa kurejesha faili, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kujaribiwa huenda isifunguke siku ya dharura.

Wajibu wa wafanyakazi na wakazi

Wafanyakazi wanahimizwa kufuta viambatisho visivyohitajika, kutumia uthibitisho wa hatua mbili, na kutohifadhi maombi ya wananchi kwenye akaunti za kibinafsi. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ombi la habari linafaa kuamuliwa ndani ya siku 21, na muda huo huhesabiwa tangu lilipopokelewa.

Mkazi naye akumbuke kwamba kiambatisho huongezeka ukubwa kwa takriban thuluthi moja kinaposafiri: faili ya MB 18 hufikia MB 24. Apunguze ukubwa wa picha, atume mapema, na aombe jibu la kuthibitisha kwamba ujumbe umefika. Ukirudishwa, asiufute. Maelezo yaliyomo ndiyo humwonyesha fundi tatizo liko wapi.