Pikseli 600 za Bugeshi: hesabu ya kichwa cha ukurasa kwenye Google

Mtu akitafuta kitu Google kwa kompyuta, kila jibu hupewa mstari wenye upana wa pikseli 600 hivi. Hapo ndipo hukaa kichwa cha ukurasa, maneno makubwa ya buluu ambayo mtafutaji huyasoma kabla ya kuamua abonyeze au apite. Kukiandika hakulipiwi hata faranga moja. Pengine ndiyo sababu wengi hukiachia dakika za mwisho, baada ya nembo, picha na rangi kukamilika. Nimeamua kukipigia hesabu kwa mfano wa mahali padogo: Bugeshi.

Bugeshi ni mojawapo ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu, kaskazini magharibi mwa Rwanda, kwenye udongo wa volkano ukingoni mwa Kongo. Kuna kivuko cha mpaka cha Kabuhanga, na kuna viazi mviringo, zao linaloifanya Rubavu itajwe pamoja na Musanze, Burera na Nyabihu kila viazi vya Rwanda vinapozungumzwa. Tuchukulie kwamba ushirika wa wakulima wa huko umetengeneza ukurasa wake, nao ukaupa kichwa hiki:

Karibu kwenye tovuti rasmi ya Ushirika wa Wakulima wa Viazi Mviringo wa Bugeshi

Ni sentensi ya adabu, na Kiswahili chake hakina kosa. Ina herufi 79 ukijumlisha nafasi. Lakini Google haihesabu herufi, inapima upana. Vichwa hivyo huandikwa kwa Arial ya ukubwa wa pikseli 20, na katika mwandiko huo herufi hazilingani: i moja inachukua pikseli 4.4, a inachukua 11.1, m ndogo 16.7, na W kubwa 18.9. Herufi i nne zinatosha ndani ya W moja na nafasi inabaki. Lugha yenye wa, kwa, mwa na wakulima kila baada ya maneno mawili inakula mstari haraka.

Nimekijumlisha kichwa hicho herufi kwa herufi: pikseli 738. Kimezidi mstari kwa 138. Maneno matano ya mwanzo, kuanzia “Karibu” hadi “ya”, pamoja na nafasi inayofuata, yamekula 271, yaani asilimia 45 ya nafasi yote, na bado msomaji hajaambiwa ni nini kinauzwa wala wapi. Mstari unakatika baada ya neno “Viazi”. Neno “Bugeshi” lingeanza kwenye pikseli ya 666, na huko hakuna mstari tena. Kwa hiyo jina pekee linalotofautisha ukurasa huu na wa ushirika wowote wa viazi Afrika Mashariki ndilo ambalo mtafutaji haoni.

Kwenye simu mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa kichwa kinaweza kupewa mistari miwili. Hata hivyo jicho la mtu aliyesimama kituo cha basi husoma maneno ya mwanzo na kuendelea, na kama maneno ya mwanzo ni makaribisho, ameendelea.

Jaribu sasa hiki:

Viazi mviringo vya Bugeshi, Rubavu (Gisenyi): bei ya jumla

Herufi 58, pikseli 522. “Bugeshi” linamalizika kwenye pikseli ya 239, kabla ya nusu ya mstari. Zimebaki pikseli 78, na hapo ndipo uchungu wa kuandika kichwa unapoanza, kwa sababu ushirika ungependa kuongeza “na usafiri”, maana mnunuzi wa Goma au Kigali lazima ataulizia lori. Maneno hayo mawili na nafasi zake yanataka pikseli 87. Jumla ingekuwa 609. Tumekosa pikseli 9 tu, pungufu ya herufi a moja! Lazima uchague. Ukiondoa “mviringo” usafiri unaingia na jumla inakuwa 528, ila msomaji wa Tanzania au Kenya atabaki akijiuliza kama ni viazi vitamu. Mimi ningebaki na “mviringo”. Asiyejua ni viazi gani habonyezi, na aliyebonyeza atakuta habari za lori ndani.

Kipimo hiki si kigeni kama kinavyoonekana. Vichwa viwili hivyo vina wastani wa pikseli 9 na ushei kwa kila herufi, ambao ukigawiwa kwenye 600 unatoa herufi 64 hadi 66. Mwezi Novemba 1995, miaka mitatu kabla ya kampuni ya Google kuanzishwa, waraka wa kanuni za HTML 2.0, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, uliwashauri waandishi wa kurasa wabaki chini ya herufi 64 ili kichwa kisikatwe. Waraka huohuo ulisema kichwa kieleweke hata kikisomwa mbali na ukurasa wake, kwa sababu kurasa zilizoitwa “Utangulizi” hazimwambii kitu mtu aliye nje. Miaka thelathini imepita, na kurasa zinazoitwa “Mwanzo” au “Nyumbani” bado zinachapishwa kila siku.

Kuna gharama ya pili, isiyotokana na urefu. Google haiahidi kukionyesha kichwa ulichokiandika. Mwezi Agosti 2021 ilitangaza mfumo mpya wa kuunda vichwa vya matokeo, na watu wengi walilalamika kuona maneno yao yamebadilishwa. Septemba mwaka huo ikasema inatumia kichwa kilichoandikwa na mwenye ukurasa mara 87 katika 100. Wachunguzi wa nje walipata picha nyingine. Kampuni ya Ahrefs iliangalia kurasa 953,276 ikakuta asilimia 33.4 ya vichwa vimeachwa. Zyppy iliangalia vichwa 80,959 vya tovuti 2,370 ikakuta asilimia 61.6 vimeguswa kwa namna fulani.

Tarakimu hizo tatu zinaonekana kupingana, ila kwa maoni yangu tofauti kubwa iko kwenye kinachohesabiwa. Huenda Google inahesabu kama “kimetumika” hata kichwa ilichokitoa kwenye maneno yako ikakipunguza. Zyppy inahesabu kila badiliko, hata la kuondoa jina la tovuti mwishoni. Kwa mwandishi wa Bugeshi jibu lenye faida liko ndani ya takwimu za Zyppy: vichwa vya herufi 51 hadi 60 ndivyo vilivyoguswa kidogo zaidi, takriban vinne katika kumi, na vile vilivyozidi 70 viliguswa karibu vyote. Kichwa chetu cha pili, chenye 58, kiko mahali pazuri. Cha kwanza, chenye 79, kingekuwa kama hakikuandikwa. Na Google inapokiacha kichwa, takriban nusu ya safari huchukua kichwa kikuu kinachoonekana ndani ya ukurasa wenyewe, hivyo hicho nacho kinastahili kutaja Bugeshi badala ya kusema “Karibu”.

Twende kwenye ukubwa wa soko. Mwezi Machi 2025 Google ilisema inapokea utafutaji zaidi ya trilioni 5 kwa mwaka. Hiyo ni bilioni 13.7 kwa siku, au zaidi ya 158,000 kwa sekunde. Sensa ya 2022 iliihesabu Rubavu kuwa na watu zaidi ya 540,000. Wote wakitafuta kitu kimoja kimoja, Google inawamaliza kwa sekunde zisizofika nne. Kwa kipimo hicho Bugeshi ni punje, na mtu anaweza kudhani haina haja ya kuhangaika. Mimi naona kinyume chake. Kampuni hiyo imekuwa ikisema kwamba asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku haijawahi kuonekana kabla, na hiyo sasa ni karibu bilioni 2 kwa siku. Ni maswali marefu, ya pekee, ya watu wanaojua wanachotaka: viazi, mahali, bei. Ukurasa mdogo hauwezi kuushinda mkubwa kwenye neno “viazi” peke yake. Kwenye “viazi Bugeshi bei ya jumla” unaweza, mradi maneno hayo yaonekane.

Hapo nafasi ya kwanza ina thamani inayopimika. Uchambuzi wa tovuti ya Backlinko wa matokeo milioni 4 ulikuta jibu la kwanza likipata asilimia 27.6 ya mibonyezo, na la kumi likipata sehemu ya kumi ya hapo. Ukurasa wa pili wa matokeo hubonyezwa na chini ya mtu mmoja katika mia. Tuweke makadirio, na nasisitiza ni makadirio: watu 200 kwa mwezi wanaona kichwa cha ushirika, na kichwa kilichonyooka kinaongeza mibonyezo 3 kwa kila 100. Ni mibonyezo 6 kwa mwezi, 72 kwa mwaka. Mmoja katika kumi akipiga simu na kununua, ni wanunuzi 7. Kila mmoja akichukua magunia 10 ya kilo 100, tani 7 zimeshuka kutoka Bugeshi kwa sababu ya maneno tisa. Badilisha tarakimu zozote hapo uzione mwenyewe. Hata ukizigawa kwa nne, tani 1.75 zinapita gharama ya nusu saa ya kufikiri.

Majina nayo yana bei yake. Mageuzi ya utawala ya 2006 yaligeuza wilaya 106 za Rwanda kuwa 30, na sekta 1,545 kuwa 416. Gisenyi, lililokuwa jina la mkoa, likabaki la mji na la sekta, na wilaya ikaitwa Rubavu, ambalo pia ni jina la sekta mojawapo. Mfanyabiashara aliyezoea njia ya Goma miaka ya 1990 anaandika Gisenyi. Kijana aliyesoma baada ya 2006 anaandika Rubavu. Kuweka Gisenyi kwenye mabano kunagharimu pikseli 86, asilimia 14 ya mstari. Ningelipa bila kusita.

Ningelipa pia kwa “Rubavu”, kwa sababu ya Bugesera. Bugesera ni wilaya nzima ya Mkoa wa Mashariki, ndiko kunakojengwa uwanja mpya wa ndege, na herufi zake tano za mwanzo ni zilezile za Bugeshi. Mtu anayeandika kwa kidole gumba kwenye simu ndogo, na mashine inayopenda kukisia neno kabla hajalimaliza, wote wawili wanaweza kumpeleka upande mwingine wa nchi. Jina la wilaya pembeni ndilo linalomwonyesha kwamba amefika. Vivyo hivyo kwa anayeuza mbegu za Kinigi: aina hiyo ya viazi imechukua jina la sekta iliyoko Musanze, hivyo kichwa kikisema Kinigi bila kusema Bugeshi kitampoteza mnunuzi kwa kilomita nyingi.

Na lugha? Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kishawishi ni kubana lugha zote nne kwenye kichwa kimoja. Pikseli 600 ukigawa kwa nne ni 150 kwa lugha, na maneno “Viazi mviringo” peke yake yanakula 124. Zaidi ya hayo, Google inataka kichwa kiwe katika lugha ya ukurasa. Njia ni kurasa nne zenye vichwa vinne, na hapo kazi inakua. Ukitoka kwenye ushirika ukaenda kwenye ofisi za utawala, sekta 12 za Rubavu, mara lugha 4, mara huduma 5 tu kwa kila sekta, ni vichwa 240. Ukikipa kila kimoja dakika 10, ni saa 40, wiki moja ya mtu mmoja kazini. Kwa sekta zote 416 ni vichwa 8,320 na saa 1,387, sawa na siku 173 za saa nane. Karibu miezi minane ya mshahara.

Ndiyo maana ofisi nyingi hukimbilia kiolezo: maneno yaleyale kila mahali, jina la sekta likibadilishwa mwishoni. Kinaokoa saa, lakini kikianza na jina la taasisi lenye pikseli 300, kurasa 416 zitafanana machoni pa mtafutaji hadi nusu ya mstari. Kiolezo kikigeuzwa, huduma na sekta zikatangulia na taasisi ikafuata, hakuna saa hata moja inayoongezeka. Mwaka usiwemo humo kabisa, labda kama kuna mtu aliyepewa kazi ya kuubadilisha kila Januari. Kichwa kinachotaja bei za mwaka uliopita kinafukuza hata wale ambao wangekuta ndani bei za jana.

Mwenye ukurasa akizembea, anayelipa kwanza ni msomaji. Ukurasa wa wastani kwenye simu una uzito wa zaidi ya megabaiti 2. Mtu wa Kabuhanga mwenye bando la megabaiti 100, akidanganywa na vichwa vitano visivyosema vilicho ndani, amepoteza zaidi ya megabaiti 10, sehemu ya kumi ya alichonunua, na bado hajajua bei ya gunia.