Watengenezaji wa programu: Kampuni zihesabu mavuno, si waliohudhuria

KATIKA baadhi ya vyama vya ushirika wa maziwa nchini Kenya, karani anayepima maziwa alfajiri hategemei tena daftari pekee. Kilo za kila mkulima huingizwa kwenye simu au kompyuta, na mwisho wa mwezi malipo hutumwa kwa M-Pesa hadi kwenye simu yake.

Anachokiona mkulima ni ujumbe wa fedha kuingia. Asichokiona ni kijana aliyeandika programu inayounganisha hesabu za chama na mtambo wa kampuni ya simu. Kijana huyo hajaajiriwa na kampuni hiyo. Anategemea mlango iliyoufungua ili programu za watu wengine ziweze kuomba malipo, kutuma fedha au kuuliza salio.

Mlango huo ukiwa mgumu kupita, gharama humfikia mkulima. Kazi ya wiki moja ikichukua miezi mitatu, chama hutozwa zaidi. Programu ikikwama siku ya malipo, karo ya mtoto ndiyo inayochelewa.

Kwa sababu hiyo kampuni za teknolojia duniani huweka maofisa wa kuwahudumia watengenezaji wa programu. Huandika maelekezo, hujibu maswali, hufundisha vyuoni na huandaa mikutano na mashindano. Hayo yote yana gharama, na swali la kibiashara ni moja: itajulikanaje kama fedha hizo zinazaa?

Daraja lilivyojengwa

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Katika miaka ya mwanzo, mtu aliyetaka programu yake itambue kwamba mteja amelipa hakuwa na njia rahisi. Baadhi walitengeneza programu za kusoma ujumbe wa uthibitisho ulioingia kwenye simu ya duka. Maneno ya ujumbe yakibadilishwa kidogo, hesabu zilivurugika.

Mwaka 2015 Safaricom ilihamishia mitambo ya M-Pesa nchini Kenya kutoka Ujerumani, na mwaka huohuo ikafungua njia ya programu za nje kuunganishwa na huduma hiyo. Mwaka 2017 ilizindua Daraja, ambako mtengenezaji hujiandikisha mwenyewe, husoma maelekezo na hujaribu kazi yake kwenye uwanja wa majaribio usio na fedha halisi kabla ya kuanza kuhudumia wateja. Kupitia njia hiyo, muuzaji anaweza kupeleka ombi la malipo kwenye simu ya mnunuzi, naye akaingiza namba ya siri tu.

Lakini mlango peke yake hautoshi bila watu wanaojua kuupita. Mwaka 2010 jijini Nairobi kilifunguliwa iHub, kituo ambako vijana wa kompyuta walikutana, wakafundishana na kutafutana kikazi. Mwaka huohuo ilianza AkiraChix, jumuiya ya wanawake wa fani hiyo, pamoja na Africa's Talking, kampuni inayowawezesha watengenezaji kuunganisha programu zao na ujumbe mfupi na huduma nyingine za simu.

Katika mazingira hayo Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walianzisha M-Farm, huduma ya kumpa mkulima bei za soko kwa simu na kumsaidia kuuza kwa pamoja na wenzake. Wazo lao lilishinda mashindano ya saa 48 mwaka 2010. Hata hivyo, zawadi ya mashindano haikuwa kipimo cha kazi hiyo. Kipimo kilikuwa mkulima kuuliza bei na kuuza.

Kosa la kuhesabu vichwa

Kosa linalofanywa na kampuni nyingi linafahamika vizuri kwa wakulima. Ofisa ugani akipimwa kwa idadi ya watu waliofika kwenye siku ya wakulima, ataleta soda na mkate, na watu watafika. Ripoti itapendeza. Lakini msimu ukifika, mbegu iliyoonyeshwa haitaonekana mashambani.

Kwa watengenezaji wa programu, mkate huo ni fulana na chakula cha mchana. Idadi ya waliohudhuria na ya waliojiandikisha hupanda, nayo haisemi ni nani aliyejenga kitu kinachofanya kazi.

Chukulia mfano wa hesabu. Kampuni inatumia Sh1,400,000 kwa mkutano wa vijana 200. Kati yao 120 wanajiandikisha, 45 wanafanikisha malipo ya kwanza ya majaribio, 12 wanafikisha programu kwa wateja halisi, na baada ya miezi sita programu 7 bado zinatumika. Ukigawa kwa waliohudhuria, kila mmoja amegharimu Sh7,000. Ukigawa kwa programu zilizo hai, kila moja imegharimu Sh200,000.

Sasa chukulia kwamba kiasi hichohicho kinatumika kwa mkutano mdogo wa watu 60, na fedha zinazobaki zinakwenda kwenye kurekebisha maelekezo na kumlipa mtu wa kujibu maswali. Baada ya miezi sita programu 14 ziko hai. Gharama ya kila moja imeshuka hadi Sh100,000, ingawa ripoti ya mahudhurio itaonekana duni. Ofisa anayepimwa kwa vichwa hawezi kuchagua njia hii ya pili, hata akijua kuwa ndiyo bora.

Aidha, mfano huo unaonyesha mahali pa kutazama. Kutoka 120 hadi 45, watu 75 wamejiandikisha na kukwama kabla ya malipo ya majaribio. Huenda maelekezo hayaeleweki. Kutoka 45 hadi 12, watu 33 wamefaulu jaribio lakini hawakuwafikia wateja. Huenda taratibu za kuidhinishwa ni ndefu, au hawakupata soko. Matatizo hayo mawili yana dawa tofauti, na jumla ya waliohudhuria haiwezi kuyatenganisha.

Somo la mahindi ya Iowa

Wanasosholojia wa vijijini walikutana na suala hili kabla ya zama za kompyuta. Mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti kuhusu mbegu chotara za mahindi katika jamii mbili za jimbo la Iowa, Marekani. Kati ya wakulima 259 waliochunguzwa, wote isipokuwa wawili walikuwa wamezipokea mbegu hizo kati ya mwaka 1928 na 1941.

Wengi walisikia habari hizo kwanza kutoka kwa wauzaji wa mbegu. Lakini waliowashawishi zaidi kuzipanda walikuwa majirani. Watafiti hao hawakuhesabu mikutano, bali waliuliza kila mkulima alianza kupanda mwaka gani na nani alimshawishi.

Kwa upande wa programu, jirani ni mtengenezaji mwenzake. Kwa hiyo jumuiya yenye uhai huonekana kwa maswali yanayojibiwa na wanajumuiya wenyewe, bila kumsubiri ofisa wa kampuni. Maswali yote yakielekezwa kwa ofisa, hiyo bado ni dawati la huduma tu, na siku atakapoacha kazi patabaki kimya.

Vipimo vinne vinatosha kuanzia: muda kutoka kujiandikisha hadi jaribio la kwanza kufaulu, idadi ya wanaofika kwa wateja halisi, programu zinazotumika baada ya miezi sita, na sehemu ya maswali inayojibiwa na wenzao. Kila kimoja kipimwe kabla na baada ya mpango, la sivyo kampuni itajisifia ukuaji ambao ungetokea hata bila fedha zake.

Mnunuzi aulize nini

Chama au mwenye duka anayetaka kununua programu ya malipo anaweza kutumia kipimo hichohicho kabla ya kulipa. Aombe kuonyeshwa wateja waliotumia programu hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, na azungumze nao mwenyewe. Aulize nani atairekebisha kampuni ya simu ikibadilisha taratibu zake, kwa muda gani na kwa gharama ya nani. Majibu hayo yaandikwe kwenye mkataba.

Ahakikishe pia kwamba kumbukumbu za kilo na malipo zinaweza kutolewa na kubaki kwa chama iwapo mtengenezaji ataacha kazi. Programu inayomtegemea kijana mmoja asiye na wenzake wa kuuliza ni sawa na trekta ambalo vipuri vyake havipatikani. Bei yake inaweza kuwa nafuu, lakini likiharibika msimu wa kulima hasara ni ya mwenye shamba.