Hema la Safari ya Pikipiki: Angalia Upepo Kabla ya Uzani

Tangu lami iunganishe Isiolo, Marsabit na Moyale, kufika mjini Marsabit kwa pikipiki si kazi ngumu tena. Kazi huanza unapoiacha lami kuelekea Kargi, Loiyangalani, Maikona au North Horr, na jua linatua kabla hujafika. Kwa wakazi wanaopenda matembezi, na hata kwa maafisa wa mifugo na wahudumu wa afya wanaolala nyanjani, hema dogo juu ya keria si anasa tena.

Ofisi yetu huulizwa mara kwa mara: ninunue hema la aina gani? Wengi hutafuta lililo jepesi kuliko yote. Uzani ni muhimu, lakini katika kaunti yetu si jambo la kwanza.

Kwa nini upepo ndio wa kwanza

Marsabit iko katika mkondo wa upepo unaopita kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, ukivuma kutoka kusini-mashariki. Ni upepo huo uliofanya mitambo 365 ya umeme ijengwe eneo la Sarima, yenye uwezo wa megawati 310. Tena huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri. Jioni unapotandaza hema kunaweza kuwa kumetulia, ukadhani umepata mahali pazuri.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo Loiyangalani, wakati wa tamasha la utamaduni. Hema lilikuwa jipya, jepesi na la bei nafuu. Saa tisa usiku nguzo moja ilipasuka na ncha yake ikachana kitambaa. Usiku uliobaki ulipita nyuma ya ukuta wa mawe, hema likiwa limekunjwa na kukaliwa ili lisipeperuke hadi ziwani.

Mambo ya kukagua dukani

Nguzo. Nguzo za faiba ni za bei rahisi, lakini hupasuka zikikunjwa sana na upepo. Za alumini hupinda, na ukiwa mwangalifu unaweza kuzinyoosha ukaendelea na safari. Chagua hema lenye matao mawili au zaidi yanayopishana juu, linaloweza kusimama hata kabla ya kupigiliwa vigingi. Ardhi ya Loiyangalani ni mawe ya volkeno, na mara nyingi kigingi hakiingii. Huko utafunga kamba kwenye mawe makubwa. Kwenye mchanga wa Chalbi, jaza mchanga katika mifuko, funga kamba na uifukie.

Kimo. Hema ambalo mtu anaweza kusimama ndani yake hupigwa na upepo kama tanga la jahazi. Kimo cha mita moja hivi, cha kukuwezesha kuketi, kinatosha. Hakikisha lina vitanzi vya kamba za upepo pande zote nne.

Tabaka. Hema zuri kwetu lina tabaka mbili: la ndani lenye chandarua na sakafu iliyoshonwa pamoja nalo, na la nje la kuzuia mvua. Nyanda za chini kuna joto, mbu na nge, kwa hiyo usiku usio na mvua utatumia la ndani peke yake, zipu ikiwa imefungwa. Mlimani Marsabit na kwenye Mlima Kulal kuna ukungu na baridi, hivyo utahitaji yote mawili. Hema la tabaka moja ni jepesi zaidi, ila pumzi yako hugeuka matone ya maji ndani yake na kulowesha blanketi.

Urefu likikunjwa. Wanunuzi wengi husahau jambo hili. Pima vipande vya nguzo. Vya sentimita 45 hivi hukaa vizuri kwa kukingama kwenye keria. Vikiwa virefu sana hutokeza nje na kunaswa na miiba ya kando ya njia.

Uzani. Hema la mtu mmoja la tabaka mbili huwa na kilo moja na nusu hadi mbili. La watu wawili ni kilo mbili hadi tatu. Ukibeba hema la kilo nne mahali ambapo la kilo mbili lingetosha, umeacha nyumbani lita mbili za maji, na njia ya Chalbi haisamehi kosa hilo. Kwa hiyo punguza uzani kwa kuchagua hema dogo, usipunguze kwa kukubali nguzo dhaifu.

Vipi kuhusu turubai au bembea ya kulalia? Bembea inahitaji miti miwili imara, na Chalbi hakuna. Turubai ni jepesi na hutoa kivuli kizuri mchana, lakini halizuii nge wala mbu. Libebe kama nyongeza.

Tunayo mafunzo nyumbani

Akina mama wa Kigabra wamejenga nyumba za kuhamishika kwa vizazi vingi. Mandasse ni matao ya miti iliyopindwa, yaliyofunikwa kwa mikeka na ngozi, na yote hupakiwa juu ya ngamia. Umbo lake ni la mviringo ili upepo uteleze, na mlango huelekea magharibi, kinyume na upepo unakotoka. Fanya vivyo hivyo: upande mwembamba wa hema uelekee upepo, na mlango uupe upepo kisogo.

Kabla ya kulala

• Usitandaze hema ndani ya laga, hata kama mchanga wake ni mkavu na laini. Maji hutoka mvua iliyonyesha mbali, nawe hutaiona.
• Msimu wa mvua, uliza wenyeji kuhusu njia ya Chalbi. Tope lake hunasa pikipiki.
• Usipikie ndani ya hema wala kuingiza jiko la makaa kwa ajili ya joto. Hewa yake ya sumu huua mtu akiwa usingizini.
• Karibu na msitu wa Marsabit kuna ndovu. Usiweke chakula ndani ya hema, na ulale tu mahali palipoidhinishwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).
• Jitambulishe kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, uulize hali ya usalama, na umwache mtu nyumbani akijua njia yako.
• Funga hema mbali na ekzosi. Nailoni huyeyuka haraka.

Mwisho, usilijaribu hema kwa mara ya kwanza safarini. Lisimamishe uani kwako usiku, kwa tochi, ukiwa peke yako. Limwagie ndoo mbili za maji, kisha ingia ndani ukague mishono. Likivuja, duka bado liko karibu.